Saratani Ndani ya Mirija ya Titi: Hesabu ya Miaka Ishirini

Katika nchi ya Machame, wilayani Hai, maji ya kunyweshea migomba na mibuni yamekuwa yakiletwa vihambani kwa mifongo tangu enzi za mababu. Mfongo mkuu huchepushwa kutoka mto kama Kikafu au Weruweru, ukashuka ukifuata mgongo wa kilima, kisha hugawanyika kuwa mifereji midogo, na kila mfereji mdogo hugawanyika tena mpaka maji yakafika kwenye shina la mgomba. Titi la mwanamke limejengwa kwa mpango unaokaribiana sana na huo, isipokuwa mwendo wake ni wa kinyume. Maziwa hutengenezwa katika vifuko vidogo sana vilivyo ndani kabisa ya titi. Hupokewa na mirija membamba. Mirija hiyo huungana na kuwa mikubwa zaidi, na mwisho wake ni katika chuchu. Titi moja huwa na mafungu ya mirija yapatayo 15 mpaka 20, kila fungu likiwa na matawi yake.

Ukuta wa mrija hauna budi kufahamika vizuri, kwa sababu habari yote inayofuata inautegemea. Upande wa ndani zimepangwa chembe hai, au seli kama zinavyoitwa madarasani, ambazo hukabiliana na maziwa. Nyuma yake kuna safu ya seli zenye uwezo wa kujikaza ili kusukuma maziwa mbele. Nyuma ya safu hizo mbili umetandazwa utando mwembamba mno usioonekana kwa macho. Huo ndio ukingo wa mfereji. Mishipa ya damu na mishipa ya limfu iko nje ya utando huo, wala hakuna hata mmoja upitao ndani ya mrija.

Saratani isiyovuka ukingo

Saratani, au kansa, huanza pale seli zinapopoteza utii wa kanuni za kugawanyika. Mara nyingi, katika titi, seli hizo huwa ni zile za ukuta wa ndani wa mirija. Huongezeka, hurundikana, na pengine huujaza mrija wote, lakini kwa muda fulani hubaki ndani ya utando. Hali hiyo ndiyo iitwayo na waganga saratani ya mirija isiyopenya. Dhana ya saratani iliyo mahali pake bila kupenya ilipewa jina mwaka 1932 na Albert Broders wa Mayo Clinic, Marekani, aliyesisitiza kwamba seli zaweza kuwa na sura zote za saratani zikiwa bado hazijavunja mpaka.

Maadamu seli hizo zimo ndani ya mrija, haziwezi kuifikia mishipa ya damu wala ya limfu. Na kwa kuwa haziifikii, haziwezi kusafiri hadi kwenye mapafu, ini au mifupa. Saratani ya titi huua hasa kwa safari hiyo. Kwa hiyo mwanamke aliyegunduliwa katika hatua hii, ambayo waganga huiita hatua ya sifuri, ana ugonjwa ambao kwa wakati huo hauwezi kumwua. Mfano wa mfongo hata hivyo una kikomo chake. Maji huvunja ukingo kwa uzito wake tu, na mkulima huona mapema mahali palipolegea. Seli za saratani huutoboa utando kwa kutoa vimeng'enya vinavyouyeyusha, na hakuna ajuaye kwa kuutazama mrija leo kama tundu litatokea mwaka ujao, baada ya miaka 15, au halitatokea kamwe.

Sababu ya kuonekana mara chache

Ugonjwa huu kwa kawaida hauna uvimbe wa kushikika wala maumivu. Katika nchi ambazo wanawake wenye afya huitwa kupigwa eksirei ya matiti kila baada ya muda maalumu, saratani isiyopenya hufikia takriban moja kati ya kila saratani tano za matiti zinazogunduliwa. Kinachoonekana katika picha ni chembe ndogo za chumvi ya kalsiamu, mithili ya vumbi la chokaa, zilizoganda ndani ya mirija penye seli zilizokufa.

Tanzania haina mpango wa kitaifa wa kuwaita wanawake wote kwa eksirei hiyo. Tathmini ya huduma za matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilieleza kwamba wanawake wapatao wanane kati ya kumi hufika hospitali ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Kwa ajili hiyo saratani isiyopenya, ingawa bila shaka imo katika matiti ya wanawake wa mlimani kama ilivyo kwingine, ni nadra kuonekana. Inapoonekana, huwa ni kwa sababu chuchu imetoa majimaji yenye damu, au ngozi ya chuchu imechubuka kama yenye ukurutu usiopona, au uvimbe umeshikika na kuchukuliwa kinyama.

Ichukuliwe basi kwamba mama mmoja wa Machame mwenye umri wa miaka 46 ameona doa la damu kwenye nguo yake. Anaanzia Hospitali ya Kilutheri ya Machame, kisha anateremka hadi Moshi, kwenye Hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo tangu 2016 ina kituo chake cha tiba ya saratani. Kinyama kinachukuliwa na kutiwa katika formalini, kinagandishwa ndani ya nta na kukatwa vipande vyembamba kuliko unywele. Vipande hivyo hutiwa rangi mbili, moja ya buluu na moja ya waridi. Ile ya buluu, kwa hakika, asili yake ni gogo la mti wa Amerika ya Kati, na mpaka leo haijapatikana nyingine iliyoishinda kwa kazi hiyo. Chini ya hadubini mtaalamu wa patholojia anaziona seli za saratani, na anauona utando ukiwa mzima.

Mama huyu ni wa kubuni, lakini maswali yake ni ya kweli. Je, akitibiwa atakuwa amepona? Na kama amepona, kwa nini anaambiwa arudi kila mwaka?

Tiba na ukingo wa wino

Njia ya kwanza ni kuliondoa titi zima. Baada ya upasuaji huo ugonjwa hurudi mahali pale pale kwa wanawake wachache sana, mmoja au wawili hivi kati ya 100 katika miaka kumi. Njia ya pili ni kuondoa sehemu yenye ugonjwa pamoja na ukanda wa nyama nzima kuizunguka, na kulibakiza titi. Nyama iliyotolewa hupakwa wino pande zote kabla ya kukatwa. Ikiwa chini ya hadubini seli za saratani zimeonekana zikigusa wino, huenda nyingine zimebaki upande wa pili wa kisu. Wataalamu wengi wamekubaliana kwamba baina ya seli za saratani na wino yafaa pawe na milimita 2 kwa uchache.

Tatizo ni kwamba saratani hii hufuata matawi ya mirija, wala haikui kama kiazi. Yaweza kuonekana hapa, ikaruka nafasi, ikaonekana tena sentimita moja mbele. Tena mtaalamu hawezi kukikata kipande chote cha nyama katika unene wa elfu kadhaa za milimita. Angehitaji vioo maelfu. Huchagua sehemu za kutazama. Ukingo uliosemwa ni safi ni ukingo ulioonekana kuwa safi katika sehemu zile zilizotazamwa.

Hiyo ndiyo sababu ya kuongeza mionzi baada ya upasuaji wa sehemu. Kati ya 1985 na 1990 yalianzishwa majaribio manne makubwa Marekani na Ulaya, ambamo wanawake waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likapata upasuaji peke yake, jingine upasuaji na mionzi. Matokeo yalipojumlishwa mwaka 2010, jumla ya wanawake 3,729, ilionekana kwamba ndani ya miaka kumi ugonjwa ulitokea tena katika titi lile lile kwa asilimia 28.1 ya wale wasiopata mionzi, na kwa asilimia 12.9 ya wale walioipata. Karibu nusu ya ugonjwa uliorudi ulikuwa bado haujapenya. Nusu nyingine ulikuwa umekwisha kuvuka ukingo.

Kwa mgonjwa wa Kilimanjaro tarakimu hizo zina maana ya safari pia. Kwa miaka mingi aliyehitaji mionzi alilazimika kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Moshi, na kukaa huko majuma kadhaa mbali na kihamba na watoto. Si ajabu basi kwamba wanawake wengine huchagua kuondolewa titi zima ingawa ugonjwa wao ni mdogo. Uamuzi huo haustahili kudharauliwa na mtu aliye karibu na mashine.

Ipo pia dawa ya vidonge, tamoksifeni, inayoizuia homoni ya estrojeni isizichochee seli. Hunywewa kwa miaka mitano na wale ambao seli zao zimepimwa na kuonekana kuipokea homoni hiyo, na hupunguza hatari katika titi lililotibiwa na katika lile jingine pia.

Kwa nini ugonjwa hurudi baada ya muda mrefu

Malaria ikitibiwa, mtu hutazama siku. Mfupa uliovunjika hutazamiwa majuma. Kwa saratani isiyopenya kipimo kinachofaa ni miongo, na sababu yake yaweza kuonyeshwa kwa hesabu ya Kidato cha Pili.

Seli moja ikigawanyika huwa mbili, kisha 4, kisha 8. Baada ya kugawanyika mara 30 seli huwa 1,073,741,824, yaani zaidi ya bilioni moja, na wingi huo hufanya uvimbe wa sentimita moja hivi, ukubwa ambao mkono waweza kuuhisi. Iwapo kila mgawanyiko huchukua siku 100, mara 30 ni siku 3,000, au miaka 8 na kidogo. Iwapo huchukua siku 200, ni zaidi ya miaka 16. Kwa kweli seli nyingi hufa njiani, na mwendo haulingani mwaka hadi mwaka; lakini hesabu hiyo yatosha kuonyesha kwamba seli chache zilizobaki leo katika tawi la mrija zaweza kukaa kimya muda wa mtoto kuzaliwa, kwenda shule na kumaliza Kidato cha Nne.

Sababu ya pili ni tofauti kabisa, na imethibitishwa juzijuzi tu. Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha jeni za saratani isiyopenya na za saratani iliyopenya iliyotokea baadaye katika titi lile lile. Katika robo tatu ya wagonjwa, saratani ya pili ilikuwa kizazi cha ile ya kwanza. Lakini katika asilimia 18 hazikuwa na undugu wowote. Titi lilikuwa limeanzisha saratani mpya. Mkulima ajuaye sangari atafahamu: nyasi zilizochipua baada ya palizi pengine zimetoka katika mzizi uliobaki, na pengine ni mbegu mpya katika udongo ule ule ulioipenda sangari tangu mwanzo. Ndiyo maana titi la upande wa pili, ambalo halikuguswa na ugonjwa, nalo lapaswa kuchunguzwa.

Hesabu ya miaka

Uchunguzi mkubwa wa jambo hili ulitolewa Uingereza mwaka 2020. Ulihusu wanawake 35,024 waliogunduliwa kwa eksirei kuwa na saratani isiyopenya kuanzia mwaka 1988, wakafuatiliwa hadi Desemba 2014. Katika muda huo wanawake 2,076 walipata saratani iliyopenya, katika titi lolote kati ya mawili. Mwanafunzi atagawanya haraka na kupata asilimia 5.9, kisha atasema hatari ni ndogo. Hapo atakuwa amekosea, na kosa lake ni la kufundishia.

Wanawake wale hawakufuatiliwa kwa muda sawa. Aliyegunduliwa mwaka 1988 alitazamwa kwa miaka 26. Aliyegunduliwa mwanzoni mwa 2014 alitazamwa kwa miezi tu. Kwa hiyo watafiti huhesabu miaka-watu: mtu mmoja akifuatiliwa miaka kumi ni miaka-watu 10, na watu kumi wakifuatiliwa mwaka mmoja ni 10 vilevile. Kwa kipimo hicho saratani zilizopenya zilikuwa 8.82 kwa kila miaka-watu 1,000, zaidi ya mara mbili ya ile iliyotarajiwa kwa wanawake wa umri wao. Ukigawanya 2,076 kwa 8.82 na kuzidisha kwa 1,000, utapata miaka-watu kama 235,000. Na ukigawa hiyo kwa wanawake 35,024, kila mmoja amefuatiliwa kwa wastani usiofika miaka 7. Asilimia 5.9 ilikuwa habari ya miaka 7 isiyotimia.

Je, miaka 20? Iwapo hatari ya kila mwaka haibadiliki, mwanamke anao uwezekano wa 0.99118 wa kuuvuka kila mwaka salama. Kuvuka miaka 20 ni 0.99118 ikizidishwa kwa yenyewe mara 20, nayo ni 0.84 hivi. Wanawake 84 kati ya 100 watafika mwaka wa ishirini bila saratani iliyopenya, na 16 wataipata. Dhana ya kutobadilika si ya kubuni tu, kwani uchunguzi huo ulionyesha kwamba hatari iliyozidi iliendelea kwa angalau miongo miwili.

Tarakimu hizo ni za wanawake wa Uingereza, wengi wao waliopita miaka 50, waliogunduliwa kabla ya dalili yoyote. Mama wa Machame aliyekuja kwa sababu ya damu katika chuchu akiwa na miaka 46 hafanani nao. Umri mdogo na ugonjwa wenye dalili huambatana na hatari kubwa zaidi ya kurudi. Basi tarakimu za Uingereza zichukuliwe kama kipimo cha urefu wa njia, wala si hukumu juu yake.

Upande wa pili wa hesabu lazima usemwe kwa sauti ile ile, maana hofu nayo huumiza. Uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 2015, wa wanawake 108,196, ulionyesha kwamba baada ya miaka 20 waliokufa kwa saratani ya titi walikuwa asilimia 3.3. Wengine karibu wote ama hawakufa, au walikufa kwa mambo mengine. Idadi hiyo inazidi ile ya wanawake wa kawaida kwa mara 1.8, lakini bado ni ndogo. Tena mionzi, ambayo hupunguza kurudi kwa ugonjwa kwa kiasi cha nusu, haikuonekana kupunguza vifo. Kati ya waliokufa kwa saratani hiyo, 956 kwa jumla, zaidi ya nusu hawakuwa wameonekana kwanza na saratani iliyopenya katika titi. Huenda kwa baadhi yao tundu dogo katika utando lilikuwapo tangu mwanzo na halikukatwa katika vipande vilivyotazamwa. Jambo hilo bado linabishaniwa, kama linavyobishaniwa lile la kama ugonjwa ulio mpole kabisa wahitaji kupasuliwa: jaribio la Marekani lililotangazwa mwishoni mwa 2024 liliwalinganisha waliopasuliwa na waliochunguzwa tu, na katika miaka miwili ya kwanza wa pili hawakuwa wabaya zaidi. Miaka miwili, kwa ugonjwa uhesabuo kwa miongo, ni asubuhi tu.

Polepole hiyo hiyo ndiyo inayowapa sifa wasiostahili. Mtu akimpa mgonjwa aliyekwisha kupasuliwa mizizi ya kuchemsha, na miaka mitano ikapita salama, mizizi itasifiwa kijiji kizima. Lakini kwa kipimo kile cha Uingereza wanawake 95 au 96 kati ya 100 wangeivuka miaka mitano bila saratani iliyopenya, wakanywa au wasinywe.

Faili lisilofungwa

Mama yule, baada ya tiba, aambiwe nini? Kwamba ugonjwa uliokuwapo umeondolewa. Kwamba kila mwaka matiti yake, au lile lililobaki, yachunguzwe kwa mkono wa mganga na kwa eksirei inapopatikana. Kwamba uvimbe mpya, majimaji ya chuchu au badiliko la ngozi visingoje mavuno ya kahawa yaishe. Na jambo moja ambalo husahauliwa mno: ahifadhi karatasi ya majibu ya patholojia mahali pakavu, pamoja na hati ya shamba na vyeti vya watoto. Baada ya miaka 14 mganga aliyempasua huenda amestaafu, na karatasi ile, yenye ukubwa wa ugonjwa, upana wa ukingo na jibu la homoni, itamsaidia mganga mpya kupima kama kilichotokea huenda ni mzizi wa zamani au ni mbegu mpya.

Zoezi la darasani

Mwalimu atie ndani ya kikapu maharage 99 meupe na moja jekundu, yote ya ukubwa mmoja. Kila mwanafunzi achomoe haragwe bila kutazama, aandike rangi, alirudishe, kikapu kitikiswe, na afanye hivyo mara 20, kila mara ikiwa ni mwaka mmoja. Anayechomoa jekundu aandike ni mwaka wa ngapi, kisha aache. Katika darasa la wanafunzi 40 yatarajiwa kwamba kama saba watalipata.

Kisha vikapu viwili vilinganishwe kwa miaka kumi tu: kimoja chenye mekundu 3 kati ya 100, ambacho hukaribia hali ya wasiopata mionzi, na kingine chenye mekundu 3 kati ya 200, kinachokaribia hali ya walioipata. Cha kwanza kitawapata wanafunzi kumi au kumi na mmoja kati ya 40, cha pili watano au sita.

Mwisho darasa lirudi kwenye orodha ya kikapu cha kwanza na kutazama miaka iliyoandikwa ubaoni. Wanafunzi wengi hudhani kwamba aliyeivuka miaka kumi amekwisha kushinda, na kwamba kikapu humkumbuka. Kati ya wale saba, watatu au wanne watakuwa wamelichomoa haragwe jekundu katika mwaka wa 11 au baada yake.